Gari Lililokosa Misa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, ndani ya duka langu la vipuri hapa Kamembe, mpakani na Kongo, duka ambalo sikurithi kwa mtu wala sikuombea mkopo kwa mtu. Nimefungua boneti za magari ya wanajeshi, ya mapadri, ya wakubwa na ya wezi, mara nyingine gari lile lile likiwa limepita mikono yote hiyo, na sijakuta ndani yake jambo ambalo sikulitarajia. Shule niliiacha darasa la tatu. Leo wenye diploma wananiletea magari yao na kusimama pembeni, funguo mkononi, kama watoto waliotumwa chumvi. Hata vita vya ng'ambo havikunishangaza. Nilivisikia vinakuja kama fundi anavyoisikia beringi inayokufa: kwanza kelele ndogo anayoisikia mwenye sikio peke yake, halafu kelele ambayo hata kiziwi anageuka kuitazama. Mtu akiniuliza nilijifunzia wapi sikio hilo, humwambia kwamba nilijifunza mwenyewe. Huo ni uongo, na wiki iliyopita aliingia dukani mtu anayejua kwamba ni uongo.

Alikuwa mama mwenye mvi, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vina udongo mwekundu wa njia ya Mibirizi. Alitaka taa ya nyuma ya pikipiki ya mwanawe. Nilimpa, akalipa, halafu hakuondoka. "Ramazani," alisema, "hunijue tena?" Nikamtazama meno, nikamjua. Alikuwa Nsimire, binti wa Papa Bahati, fundi wa umeme wa magari kule Kadutu, Bukavu, ambaye kila kitu ninachokijua kilitoka mikononi mwake. Tangu mwaka ule wa vita tulikuwa tunakwepana kwa adabu: nikimwona sokoni naingia duka la karibu, akiniona barabarani anavuka. Nilimpa kreti la soda akalie. Wafanyakazi wangu wakajitia kuhesabu fanbelti. Yeye akasema, "Ile mwaka, weye ndiye uliingia mu chumba ya papa. Miye sikufika. Nimezeeka sasa. Niambie tu chumba ilikuwa namna gani." Nikamweleza chumba, kona moja baada ya nyingine, naye alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alisema, "Aksanti. Sasa naweza kumuona," akachukua taa yake akaenda. Gari hakuliulizia. Neno lile moja la baba yake, ambalo ndilo lililobeba mambo yote, sikumwambia. Kwa hiyo naliandika hapa.

Nilikaa kwa Papa Bahati miaka miwili, nikilala katika chumba cha mbele ambacho mchana kilikuwa karakana. Kitanda changu kilikuwa kiti cha nyuma cha gari la zamani, na kichwani pangu palining'inia waya za kila rangi kama nywele za mwanamke aliyefumuliwa nusu. Alfajiri nilikuwa nje natawadha kwa maji ya kopo, na ndani nikimsikia Mzee anaimba nyimbo za Mungu kutoka katika kitabu kisicho na jalada, sauti nzito, anapiga mdundo kwa spana juu ya meza. Sikuwahi kumuuliza anasali kanisa gani. Kwangu mimi wote walikuwa watu wa msalaba, kama vile kwao sisi wote tulikuwa "bahislamu ba Kamembe." Mchana mke wake, Maman Nabintu, alileta bugali na sambaza wa kukaanga kwenye sahani moja ya bati, tukala wote watatu, na Mzee alikuwa na mazoea ya kunisukumia upande wenye samaki wengi huku anazungumza ili nisione. "Kula, mutoto. Fundi mwenye njaa anakatakata waya ya bantu bure." Leo ninakula nyama ninapotaka. Ile sahani bado sijaipata mahali pengine, na nimekula hoteli za Kigali na za Bujumbura, wala siwataji wenye hoteli wasije wakajivuna.

Nikaondoka kwake na kiburi. Nilivuka daraja la mpakani nikarudi Kamembe, wakati ambapo mji ulikuwa bado una nyumba ambazo hakuna aliyeuliza wenyewe wako wapi, na waliorudi kutoka Kongo walikuwa wanajifunza njia upya. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama aliniuzia kamioneti iliyokaa juu ya mawe, inayotumia petroli, bila kioo cha mbele. Niliifufua kwa mikono hii. Nikaipaka rangi ya bluu, bluu ya mbingu baada ya mvua, na kwa kuwa sikutaka mtu afungue boneti akute aibu, nilifungua kila kilichofungika, nikapaka hata ndani ya boneti, kila kona, nikarudisha vitu juu ya rangi ikiwa inang'aa kama sahani mpya. Siku ya kwanza nilivuka nayo hadi Kadutu kumwonyesha Mzee. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Aliinama chini ya boneti muda mrefu, akapitisha kidole kwenye bati, akasema, "Rangi muzuri." Kisha akasema, "Rangi mingi." Mimi nikayachukua yote mawili kuwa sifa. Nikapiga honi mara tatu wakati wa kuondoka, watoto wa mtaa mzima wakanifuata.

Miezi michache baadaye Nsimire alikuja kwangu kwa miguu kutoka Mibirizi, alikoolewa na mwalimu aliyerudi kutoka Kongo. Alinikuta mbele ya uwanja wangu, ng'ambo ya banda la chai la Hajati Mwamini, ambako wanaume wa Kamembe walishinda wakitatua matatizo ya dunia nzima kwa chai na maandazi. Baba yake alikuwa anaumwa koo. Sauti ilikwisha kabisa, alikuwa ananong'ona tu. Na kule Bukavu watu walikuwa wameanza kununua unga mwingi kuliko matumbo yao. "Nataka papa afike kwangu mbele daraja ifungwe," alisema. "Bwana yangu amepata bantu ba Gitambi, vijana banane na ngobyi. Banaweza kumubeba tangu kule mpaka nyumbani." Ngobyi ni ile machela yetu ya kusuka, ambayo majirani huwabebea wagonjwa mabegani, milima na mabonde, wakipokezana. Watu wamezaliwa na kufa juu ya ngobyi tangu babu zetu, na hakuna aibu ndani yake. Lakini mimi nilicheka. "Papa Bahati? Fundi wa magari wa mji mzima abebwe kama mkungu wa ndizi, na mimi mwanawe nina gari? Nsimire, usinitukanishe. Ijumaa nikishatoka msikitini, nitavuka mwenyewe. Atakaa mbele, kando yangu." Wanaume wa chai walisikia, nami nilisema kwa sauti ili wasikie. Nsimire alinishika mikono yote miwili. Aliniamini.

Alhamisi gari lilikufa. Nilikuwa nimelipeleka kununua petroli, nikazima, nikageuza ufunguo tena: tak. Taa za dashibodi zikafifia zikazimika zote pamoja, honi ikanyamaza, kama nyumba ambayo mtu amekata waya nje. Nikapiga batri ngumi, umeme ukarudi. Nikageuza ufunguo: tak, giza. Nikasema ni batri. Kila fundi husema ni batri. Nilichukua taa ya kupimia, nikagusisha waya zake kwenye pembe mbili za batri, taa ikawaka vizuri, basi si batri. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba ni batri, nikanunua nyingine. Tak. Nikasema basi ni demarere, ile mashine inayozungusha injini. Nikaifungua, nikabadilisha makaa yake ya kaboni yanayopitisha umeme, nikaijaribu nje juu ya meza kwa waya mbili nene kutoka kwenye batri, ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikairudisha mahali pake: tak. Tulisukuma gari kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, watu kumi nyuma, halikukohoa hata mara moja. Ijumaa ikapita. Niliswali, nikatoka msikitini nikiwa nimevaa kanzu nyeupe, nikaingia moja kwa moja chini ya gari na kanzu ile ile.

"Fundi," akaita Mzee Kassimu muuza mikaa kutoka kwenye banda la chai, "iyo marehemu wako atazikwa saa ngapi? Tulete sanda?"

"Kunyweni chai yenu," nikajibu. "Kesho nitawapigia honi mpaka maandazi yaanguke."

"Honi gani, bwana? Piga kwa mdomo!"

Wakacheka hadi Hajati akamwaga sukari. Kuanzia siku hiyo kamioneti yangu iliitwa Marehemu, na watoto wakipita waliivulia kofia.

Palikuwa na mtu mmoja tu chini ya jua ambaye angeweza kuniambia gari lina nini, na mtu huyo ndiye niliyekuwa nimeahidi kwenda kumchukua kwa gari hilo. Kumuuliza kulikuwa kugumu kuliko kumeza msumari. Lakini kulikuwa na Maman Julienne, mwanamke wa parokia, mwema, asiyekosa misa ya asubuhi, ambaye alivuka daraja karibu kila siku na kapu la nyanya na alikuwa anapita kwa Papa Bahati kumsalimia. Nikamwambia, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Msalimie Mzee. Mwambie nakuja, ila gari lina kakitu kadogo: umeme unakatika wote ninapowasha, batri ni nzima, demarere ni nzima. Kama ana neno, akupe."

Alirudi kesho yake jioni, mimi nikiwa mbele ya banda la chai, watu wamejaa. Akaweka kapu chini, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo baada ya ibada:

"Mzee anasema: gari yako inakosa misa."

Banda lote likapasuka kwa kicheko. Mzee Kassimu alijipiga mapaja. "Si nilisema ni marehemu! Ata mwalimu wake anasema basome misa!" Mwingine akauliza kama padri atakubali kuzika gari la Muislamu. Maman Julienne alisimama katikati ya kicheko kile, hajui alichokosea. "Miye nimeleta tu vile alisema," akanong'ona. "Alirudilia mara mbili."

Na mimi nilielewa nini? Nilielewa kwamba Mzee ananikejeli. Kwamba mtu niliyemwacha kwa kiburi ameipata nafasi yake, na kutoka kitandani mwake amenituma nikaombewe kwa sababu kazi yangu imeshindikana kwa mikono. Damu ilinipanda. Nikasema, na wote wakasikia: "Mwambie Mzee, mimi si padri."

"Nimuambie ivyo?"

"Hivyo hivyo."

Siku chache baadaye Nsimire alirudi. Safari hii hakuja peke yake. Nyuma yake walisimama vijana wa Gitambi, miguu imejaa umande na matope, ngobyi imelala mabegani mwa wawili kama mtumbwi. Walikuwa wametoka usiku. Nsimire alisema taratibu, ili watu wa chai wasisikie: "Sikukuja kugombana, Ramazani. Nimechoka tu kungoja. Weye tengeneza gari yako, siye tutashuka na miguu." Ningeweza kusema, nendeni. Ningeweza hata kuchukua pembe moja ya ngobyi. Lakini niliona njia yote hadi mpakani, niliona watu wote wanaonijua wakitazama mwalimu wangu anapita mabegani mbele ya uwanja wangu na gari langu la bluu limesimama hapo, na moyo wangu ukakataa. Nikaapa. Nikasema nimeshalipata tatizo, bado kufunga tu, kesho asubuhi nitakuwa kwa Mzee kabla hajanywa uji. Nikawanunulia vijana wale chai na maandazi, na wakala wakiwa wamechuchumaa kando ya ngobyi tupu. Nsimire alijifunga kitenge upya. "Weye uko kaka," akasema mwisho. "Nimesikia." Wakaondoka kurudi juu. Nasikia hata sasa yule kijana wa mwisho alivyokuwa anauliza wenzake, "Sasa tulikuja kufanya nini?"

Asubuhi iliyofuata tuliamshwa na milio kutoka ng'ambo. Kufikia saa ya chai daraja lilikuwa limejaa askari, hakuna anayekwenda, hakuna anayerudi, na banda la Hajati lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu nilijue. Watu huniambia kwamba hakuna aliyejua. Mimi nilijua, nimeshasema nina sikio. Nilisikia beringi inakufa, nikaendelea kung'arisha rangi.

Nilipovuka tena, miezi ilikuwa imepita, na nilivuka kwa miguu. Maman Nabintu alinifungulia akiwa na nguo za msiba, nikajua kabla hajasema. Chumba ndicho hiki nilichomweleza Nsimire: kitanda cha mbao kimesukumwa karibu na dirisha, kwa sababu mwishoni Mzee alitaka kusikia magari yakipanda Kadutu, godoro limekunjwa na kufungwa kwa waya mwekundu wa gari, ukutani msumari wenye koti lake, na mfukoni mwa koti bisibisi bado ipo, chini ya kitanda spana zake zimepangwa kwa ukubwa, harufu ya kitunguu saumu na petroli. Kitabu cha nyimbo kilikuwa juu ya mto. Maman aliniketisha pale pale karakana, akaleta bugali na sambaza katika sahani ya bati. Nilisema sina njaa. "Kula," akasema. "Mulaji wa zamani, haufike hapa na kurudi na njaa." Nikala peke yangu katika sahani ile, samaki wote wakiwa upande wangu.

"Na gari?" akauliza. "Ulifunga masse?"

"Nini, Maman?"

"Masse. Mzee alikutumia neno. Alisema umepaka rangi kila pahali, sasa masse haishike. Ukwangue rangi, ufunge. Julienne hakukuambia?"

Nikalirudisha tonge sahanini. "Aliniambia misa. Kwamba gari linakosa misa."

"Misa?" Alinitazama kama anayemtazama mlevi. "Misa ya nini? Mzee alikuwaka muprotestanti tangu azaliwe. Unaishi kwake miaka mbili, haujue? Misa angeifanyia nini?" Halafu akainamisha kichwa, akaweka mkono kooni, akalisema lile neno kama Mzee alivyokuwa akilisema mwishoni, pumzi tupu isiyo na sauti ndani yake. Nikasikia. Kwa pumzi tupu, masse na messe ni neno moja. Maman Julienne, mwanamke wa kanisa, alisikia messe, yaani misa kwa Kifaransa; na kwa kuwa alijua mimi sikusoma, kwa wema wake akanitafsiria kwa Kiswahili. Angeliacha lilivyo ningelijua, maana maneno ya gari ndiyo Kifaransa pekee nilichofundishwa. Masse ni ule waya mweusi unaotoka kwenye pembe ya hasi ya batri na kufungwa kwa boloti kwenye bati tupu la gari. Umeme ukitoka kwenye batri lazima upate njia ya kurudi, na njia hiyo ni bati lenyewe. Weka rangi katikati, na siku boloti ikilegea au ikishika kutu, gari zima linakuwa maiti, hata ununue batri ngapi. Taa yangu ya kupimia niliigusisha pembe zote mbili za batri. Bati sikuligusa hata mara moja. Nilikuwa naiogopea rangi.

Nikamuuliza Maman, Mzee alisema nini alipopata jibu langu.

"Ile ya kusema weye si padri?" Maman Nabintu akatabasamu. "Alicheka, mutoto. Alicheka mpaka tukamushika mabega. Akasema, uyu mutoto ananichekesha, anajua kunichekesha. Alifikiri munachezaka." Akaondoa sahani. "Kila asubuhi alivaa koti, anakungoja. Alisema nisimuvulie, unaweza kuja pale pale."

Nimezika watu wengi, na hilo koti ndilo nimeshindwa kulizika. Kama angenikasirikia ningekuwa nimepumzika zamani.

Nilirudi Kamembe jioni hiyo. Asubuhi nilifungua boneti, nikatoa boloti ya masse, na chini yake rangi ya bluu ilikuwa safi, nzuri, imezungukwa na duara dogo la kutu. Nilikwangua kwa msasa hadi bati likawa jeupe. Boloti ya zamani ilikuwa imeliwa, nikavuka barabara kununua nyingine. Nikafunga, nikaingia, nikageuza ufunguo, na injini ikashika kabla sijauachia. Watu wa chai wakasimama na vikombe vyao, wakapiga makofi, Mzee Kassimu akanipigia kelele nimuonyeshe honi. Sikuipiga. Nilikaa nyuma ya usukani, kiti cha kando yangu kitupu, gari linanguruma vizuri, na sikuwa na mahali pa kulipeleka. Karatasi ya msasa ilikuwa faranga hamsini, boloti faranga mia. Jumla ilinigharimu faranga mia moja na hamsini.